Jack Tramiel

Jack Tramiel (Łódź, Poland, 13 Desemba 1928 – Palo Alto, California, 8 Aprili 2012) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani mwenye asili ya Poland. Alianzisha kampuni ya Commodore, na baadaye akawa mmiliki na mkuu wa Atari Corporation. Anajulikana hasa kwa kompyuta ya Commodore 64 iliyotolewa mwaka 1982, ambayo huhesabiwa kati ya modeli za kompyuta zilizouzwa kwa wingi zaidi katika historia.

Tramiel alikuwa Myahudi aliyeokoka Maangamizi ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hakuwa mhandisi wala hakusoma chuo kikuu. Masomo yake yalikatizwa na vita alipokuwa mtoto. Mchango wake katika historia ya kompyuta haukuwa uvumbuzi wa mashine fulani, bali ni kushusha bei. Alitaka kompyuta itengenezwe kwa ajili ya watu wa kawaida na si kwa ajili ya tabaka la wenye fedha. Njia alizotumia ziliingiza kompyuta katika nyumba za mamilioni ya watu, lakini pia ziliwaangusha washindani wake, zikawaumiza wauzaji na wasambazaji wake, na mwishowe zilichangia kudhoofika kwa kampuni alizoziongoza.

Utoto na vita

Tramiel alizaliwa mjini Łódź katika familia ya Kiyahudi. Jina la ukoo lilikuwa Trzmiel. Umbo la Tramiel lilianza kutumika baadaye. Łódź ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na kabla ya vita takriban theluthi moja ya wakazi wake walikuwa Wayahudi.

Ujerumani ilivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, Tramiel akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka uliofuata Wayahudi wa Łódź walilazimishwa kuhamia katika sehemu moja ya mji iliyozungushiwa uzio, yaani geto. Watu wapatao 160,000 walifungiwa humo. Viongozi wa geto waliamini kwamba wakazi wangeachwa hai iwapo kazi yao ingekuwa na faida kwa Wajerumani, hivyo hata watoto walipelekwa viwandani. Tramiel alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Maelfu ya watu walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine wengi walisafirishwa kwenda kuuawa.

Geto la Łódź lilivunjwa mnamo Agosti 1944, na wakazi wake waliobaki walipelekwa Auschwitz. Huko Tramiel alitenganishwa na mama yake. Alisimulia baadaye kwamba yeye na baba yake walikaguliwa na daktari Josef Mengele, kisha wakachaguliwa kwa ajili ya kazi. Walipelekwa Ujerumani, katika kambi ya Ahlem iliyokuwa pembeni mwa mji wa Hannover, ambako wafungwa walilazimishwa kufanya kazi katika mahandaki ya chini ya ardhi. Baba yake alifariki huko. Sababu iliyotajwa ilikuwa ugonjwa wa tifasi, lakini Tramiel aliamini maisha yake yote kwamba baba yake aliuawa kwa kudungwa sindano ya petroli.

Tarehe 10 Aprili 1945 askari wa Divisheni ya 84 ya Jeshi la Marekani walifika Ahlem. Wafungwa wengi walikuwa wameondolewa na walinzi kwa miguu siku chache kabla, na waliokutwa kambini walikuwa wagonjwa na wadhaifu mno. Tramiel alikuwa kati ya waliookolewa, akiwa na umri wa miaka 16.

Kuhamia Marekani

Baada ya vita Tramiel aliendelea kuishi Ujerumani kwa miaka miwili. Mwaka 1947 alimwoa Helen Goldgrub, ambaye naye alikuwa ameokoka katika kambi ya Bergen-Belsen. Mwishoni mwa mwaka huohuo alihamia Marekani, na mke wake akamfuata baadaye. Walizaa watoto watatu wa kiume: Sam, Leonard na Gary.

Tramiel alijiunga na Jeshi la Marekani mwaka 1948. Jeshini alifundishwa kutengeneza mashine za ofisini, hasa taipureta, yaani mashine za kupiga chapa. Huo ndio ufundi pekee aliokuwa nao alipotoka jeshini. Katika miaka ya 1950 ya mwanzo alifanya kazi ya udereva wa teksi mjini New York, huku akifungua duka dogo la kutengeneza mashine za ofisini katika eneo la Bronx.

Duka hilo aliliita Commodore. Alipenda jina lenye cheo cha kijeshi, lakini majina ya Jenerali na Admirali yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na makampuni mengine. Akachagua cheo cha kikosi cha majini kilicho chini ya hicho cha pili.

Kuanzishwa kwa Commodore

Kutengeneza mashine za wengine kulileta faida ndogo, hivyo Tramiel alitafuta mashine za kuuza. Alipata taipureta za bei nafuu kutoka Chekoslovakia, nchi iliyokuwa upande wa Umoja wa Kisovyeti wakati wa Vita Baridi. Kwa kuwa ilikuwa vigumu kuingiza bidhaa za nchi hiyo Marekani moja kwa moja, alihamishia biashara Toronto, Kanada, katikati ya miaka ya 1950. Mashine ziliunganishwa huko na kuuzwa kwa jina la Commodore. Baadaye kampuni iliongeza mashine za kujumlisha na samani za ofisini, na mwaka 1962 ilianza kuuza hisa zake kwa umma.

Ukuaji huo ulitegemea mikopo ya Atlantic Acceptance, kampuni ya fedha ya Kanada ambayo mkuu wake, C. Powell Morgan, alikuwa pia mwenyekiti wa Commodore. Atlantic Acceptance ilianguka mwaka 1965, na uchunguzi wa serikali ulifichua udanganyifu mkubwa katika mahesabu yake. Tramiel hakufunguliwa mashtaka, lakini Commodore ilibaki na madeni na mabenki hayakutaka tena kuikopesha.

Mwaka 1966 mwekezaji Irving Gould wa Kanada alinunua sehemu ya hisa na kuwa mwenyekiti wa bodi. Kwa msaada huo kampuni iliokoka. Lakini tangu hapo Tramiel aliendesha kampuni ambayo fedha zake zilitegemea idhini ya mtu mwingine, na jambo hilo lilikuja kuamua hatima yake miaka 18 baadaye.

Vikokotoo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tramiel alitembelea Japani. Wajapani walikuwa wakitengeneza mashine za kujumlisha kwa bei ambayo viwanda vya Amerika Kaskazini havikuweza kuifikia. Huko pia aliona vikokotoo vya kielektroniki, akatambua kwamba siku za mashine za kujumlisha za mitambo zimekwisha. Commodore ikageukia vikokotoo, na kwa miaka michache ilipata faida nzuri.

Moyo wa kikokotoo ni chipu, kipande kidogo cha silikoni chenye sakiti nyingi zinazofanya hesabu. Commodore haikutengeneza chipu. Ilizinunua, hasa kutoka Texas Instruments ya Marekani. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 Texas Instruments iliamua kuuza vikokotoo vyake yenyewe. Kwa kuwa ilikuwa ikijitengenezea chipu, iliweza kuuza kikokotoo kamili kwa bei ambayo Commodore isingeweza kushindana nayo. Bei zilianguka, wauzaji wadogo wengi wakafunga biashara, na mwaka 1975 Commodore ilipata hasara ya mamilioni ya dola.

Kutokana na tukio hilo Tramiel aliona kwamba anayetegemea mshindani wake kwa kifaa cha lazima hawezi kushinda vita vya bei. Ili kampuni iwe salama, ilipaswa kumiliki kiwanda chake cha chipu.

Kununua MOS Technology

Nafasi ilipatikana mwaka 1976. MOS Technology, kampuni ya chipu katika jimbo la Pennsylvania, ilikuwa nayo imeumizwa na kuporomoka kwa soko la vikokotoo. Kwa fedha zilizodhaminiwa na Gould, Commodore iliinunua kampuni hiyo.

MOS Technology ilikuwa na mali ambayo thamani yake haikuonekana mara moja. Mwaka mmoja kabla, kundi la wahandisi waliotoka Motorola wakiongozwa na Chuck Peddle lilikuwa limebuni prosesa ya 6502. Prosesa ni chipu inayotekeleza maagizo ya programu. Prosesa za wakati huo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 100 kila moja. 6502 iliuzwa kwa dola 25. Kwa bei hiyo hata mtu binafsi aliweza kununua prosesa na kujiundia kompyuta. Steve Wozniak aliitumia katika Apple I na Apple II, na aina zake nyingine zilitumika katika mashine za michezo za Atari na baadaye za Nintendo.

Tramiel alikuwa amenunua kampuni hiyo akifikiria vikokotoo. Peddle alimshawishi kwamba vikokotoo ni biashara inayokwisha na kwamba 6502 ingefaa zaidi kwa kompyuta ndogo.

Kompyuta ya PET

Commodore PET ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, mwaka uleule zilipotoka Apple II na TRS-80 ya Tandy. Hizo tatu zilikuwa kati ya kompyuta za kwanza kuuzwa kwa umma zikiwa zimekamilika, bila mnunuzi kulazimika kuziunganisha mwenyewe.

PET ilikuwa na skrini, kibodi na kinasa kaseti katika umbo moja, na modeli iliyouzwa zaidi mwanzoni iligharimu dola 795. Kasha lake la chuma lilitengenezwa katika kiwanda cha samani za ofisini cha Commodore. Kibodi ya modeli ya kwanza ilikuwa na vitufe vidogo kama vya kikokotoo, na watumiaji wengi waliilalamikia. Mtoto wa Tramiel, Leonard, alishiriki katika kubuni alama za picha zilizoweza kuandikwa kwa kibodi hiyo.

Lugha ya programu ya BASIC iliyokuwa ndani ya PET ilitoka Microsoft, wakati huo kampuni changa. Tramiel alikubali kulipa mara moja tu, bila ada kwa kila kompyuta itakayouzwa. Kwa hiyo Commodore iliendelea kutumia BASIC hiyo katika mamilioni ya kompyuta za baadaye bila kuilipa Microsoft tena kwa kila moja. Mkataba huo hutajwa mara nyingi kama mfano wa ukali wake katika mapatano.

PET ilipata wanunuzi wengi katika shule za Amerika Kaskazini na katika ofisi ndogo za Ulaya, hasa Ujerumani na Uingereza.

VIC-20 na Commodore 64

Mwaka 1980 Tramiel alikutana na wasimamizi wake nchini Uingereza. Wengi walitaka kampuni itengeneze kompyuta kubwa zaidi za ofisini ili kushindana na Apple. Yeye aliwaambia kwamba anataka kompyuta ya rangi itakayouzwa kwa dola 300. Hoja yake ilikuwa kwamba Wajapani wangeingia katika soko hilo kwa bei ya chini kama walivyofanya katika mashine za kujumlisha, hivyo Commodore yenyewe ifanye mapema kile ambacho Wajapani wangekifanya.

Matokeo yake yalikuwa VIC-20, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1981 kwa dola 299.95. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 5 tu, lakini ilionyesha rangi, ilitoa sauti na iliunganishwa na televisheni ya nyumbani. Ilikuwa pia kompyuta ya kwanza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na mahali ilipouzwa: Tramiel aliitoa katika maduka maalumu ya kompyuta na kuipeleka katika maduka ya kawaida yanayouza nguo, vyombo na vifaa vya kuchezea.

Commodore 64 ilitangazwa Januari 1982 na kuanza kuuzwa baadaye mwaka huohuo kwa dola 595. Jina lilitokana na kumbukumbu yake ya kilobaiti 64, kiasi ambacho wakati huo kilipatikana katika mashine za bei kubwa zaidi. Ilikuwa na chipu ya picha ya VIC-II, na chipu ya sauti ya SID iliyobuniwa na mhandisi Bob Yannes. SID iliweza kutoa sauti tatu kwa pamoja kwa namna iliyokaribia ala ya muziki ya kielektroniki.

Chipu zote hizo muhimu zilitengenezwa na MOS Technology. Faida ya kumiliki kiwanda ilionekana kwa namna mbili. Kwanza, wahandisi waliweza kubuni chipu, kuijaribu na kuirekebisha ndani ya kampuni ileile kwa muda mfupi. Pili, Commodore ilipata chipu kwa gharama ya kuzitengeneza tu, wakati washindani walinunua kwa bei iliyojumuisha faida ya muuzaji. Hivyo Commodore iliweza kupunguza bei na bado ikabaki na faida, mahali ambapo mshindani angepata hasara.

Vita vya bei

Mshindani mkuu wa Commodore katika kompyuta za nyumbani alikuwa Texas Instruments, kampuni ileile iliyokaribia kuifilisi mwaka 1975. Kompyuta yake, TI-99/4A, ilikuwa ikiuzwa kwa wingi. Kuanzia 1982 kampuni hizo mbili zilishusha bei kwa zamu. Mwaka 1983 Commodore ilitoa punguzo la dola 100 kwa mnunuzi wa Commodore 64 atakayerudisha kompyuta au mashine ya michezo ya aina yoyote. Baadhi ya wanunuzi walinunua kompyuta ndogo ya Timex Sinclair kwa chini ya dola 50 ili tu kuirudisha na kupata punguzo hilo.

Katikati ya mwaka 1983 Commodore 64 iliuzwa kwa takriban dola 200, karibu theluthi moja ya bei yake ya mwanzo. TI-99/4A ilishuka hadi dola 99, chini ya gharama ya kuitengeneza. Mnamo Oktoba 1983, baada ya hasara ya mamia ya mamilioni ya dola, Texas Instruments ilitangaza kujitoa katika soko la kompyuta za nyumbani. Atari, iliyokuwa mali ya Warner Communications, ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500 mwaka huohuo, ingawa kwake sababu kubwa ilikuwa kuporomoka kwa soko la michezo ya video. Mauzo ya Commodore yalipita dola bilioni moja.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Wauzaji waliokuwa wamejaza maghala kwa bei ya zamani walipata hasara kila bei iliposhuka, na wengi walipoteza imani na Commodore. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa haraka zilikuwa na kasoro na zilirudishwa. Kampuni nyingi ndogo za kompyuta na programu zilifungwa kwa sababu faida ilikuwa imetoweka sokoni.

Kuondoka Commodore

Tarehe 13 Januari 1984, kampuni ikiwa katika kilele chake, Tramiel alijiuzulu baada ya mkutano wa bodi. Kati yake na Gould kulikuwa na mgogoro kuhusu namna ya kuendesha kampuni. Inasimuliwa kwamba nafasi ya watoto wake katika uongozi ilikuwa moja ya mambo yaliyobishaniwa. Gould ndiye aliyekuwa na hisa nyingi zaidi, hivyo mwanzilishi ndiye aliyeondoka. Wahandisi na wasimamizi kadhaa walimfuata.

Commodore iliendelea na mwaka huohuo ilinunua kampuni ya Amiga, ambayo kompyuta yake ilisifiwa sana kwa picha na sauti. Hata hivyo ilibadilisha viongozi mara kwa mara na ikashindwa kushindana na kompyuta aina ya PC. Ilifilisika Aprili 1994.

Atari

Mnamo Julai 1984 Tramiel alinunua idara za kompyuta na mashine za michezo za nyumbani za Atari kutoka Warner, iliyotaka kuondokana na hasara. Hakulipa fedha taslimu. Warner ilipokea hati za ahadi za kulipa baadaye za dola milioni 240 pamoja na haki ya kununua hisa. Kampuni mpya iliitwa Atari Corporation. Tramiel aliwaachisha kazi wafanyakazi wengi, akafunga ofisi na kuuza akiba ya bidhaa ghalani ili kupata fedha. Watoto wake wote watatu waliingia katika kampuni.

Katika muda wa takriban mwaka mmoja, kundi lililoongozwa na mhandisi Shiraz Shivji, ambaye alikuwa amefanya kazi Commodore, lilikamilisha kompyuta ya Atari ST. Ilitumia prosesa ya Motorola 68000, sawa na Macintosh ya Apple, na iliendeshwa kwa kipanya na madirisha. Mwaka 1984 Macintosh ilikuwa imeanza soko kwa dola 2,495. Atari 520ST iliuzwa kwa dola 799 pamoja na skrini ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1986 modeli ya 1040ST ilitoa megabaiti moja ya kumbukumbu kwa dola 999.

Atari ST ilikuwa na matundu ya MIDI ya kuunganisha ala za muziki za kielektroniki. Kwa sababu hiyo ilienea sana katika studio za muziki, na baadhi ya wanamuziki waliitumia miaka mingi baada ya uzalishaji wake kukoma. Soko lake kubwa lilikuwa Ulaya, hasa Ujerumani. Kompyuta ndogo za Atari zilifika pia Poland katika miaka ya 1980, nchi ikiwa bado chini ya serikali ya kikomunisti. Huko ziliuzwa kwa fedha za kigeni katika maduka ya Pewex, na vijana wengi walijifunzia programu kwa mashine hizo.

Nchini Marekani hali ilikuwa tofauti. Wauzaji waliokumbuka vita vya bei vya 1983 hawakuwa tayari kumwamini Tramiel tena, na PC zilizidi kushuka bei. Uongozi wa kila siku ulipitia kwa mtoto wake Sam. Kampuni iliacha kompyuta na kuelekea katika michezo, lakini mashine yake ya Jaguar ya mwaka 1993 ilishindwa sokoni. Sam alipopatwa na ugonjwa wa moyo mwaka 1995, Jack alirudi kusimamia kampuni. Mwaka 1996 Atari iliunganishwa na JTS, kampuni ya kutengeneza diski za kompyuta. Miaka miwili baadaye JTS iliuza jina na mali za Atari kwa Hasbro Interactive kwa dola milioni 5.

Mtindo wa uongozi

Tramiel alisema mara kwa mara kwamba biashara ni vita. Alichunguza matumizi mwenyewe, alidai kueleweshwa kila gharama, na aliweza kumfukuza msimamizi kazi bila onyo. Wafanyakazi wa Commodore walikuwa na msemo wao wa mzaha juu ya ghadhabu zake katika mikutano. Wasambazaji walilalamika kwamba alichelewesha malipo ili kuwalazimisha wakubali bei ya chini.

Wengine waliofanya kazi naye walimsifu kwa kuamua haraka na kuwapa wahandisi vijana uhuru mkubwa mradi tu wafikie bei iliyopangwa. Kwa kawaida alianza na bei ambayo familia ya kawaida ingeweza kulipa, kisha akawataka wahandisi watafute mashine inayoweza kutengenezwa kwa bei hiyo. Kampuni nyingi zilifanya kinyume chake.

Tabia yake hiyohiyo ilikuwa na udhaifu. Aliweka fedha kidogo katika matangazo, programu na huduma kwa wanunuzi. Pia hakujali sana kompyuta mpya ziweze kuendesha programu za zile za zamani: VIC-20 haikuendesha programu nyingi za PET, wala Commodore 64 zile za VIC-20. Mnunuzi alipotaka mashine mpya, hakuwa na sababu kubwa ya kubaki na kampuni ileile.

Kumbukumbu ya Maangamizi

Tramiel hakukataa kufanya biashara na Ujerumani. Kinyume chake, nchi hiyo ilikuwa moja ya masoko yake makubwa, na Commodore ilikuwa na kiwanda Braunschweig, mji usio mbali na Hannover na kambi ya Ahlem alikowahi kuwa mfungwa.

Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi ya Marekani yaliyofunguliwa Washington, D.C. mwaka 1993. Katika miaka iliyofuata ilijulikana kwamba askari mmoja wa Divisheni ya 84, Vernon Tott, alikuwa amepiga picha za waliookolewa Ahlem siku ile ya Aprili 1945 na kuzitunza nyumbani kwake kwa miaka 50. Tott alitumia miaka yake ya mwisho kuwatafuta watu waliokuwa katika picha hizo. Tramiel aligharimia kuchongwa kwa jina la Tott katika jengo la makumbusho hayo, akimtaja kuwa mkombozi na shujaa wake.

Tramiel alionekana hadharani mara chache baada ya kustaafu. Mwaka 2007 alihudhuria maadhimisho ya miaka 25 ya Commodore 64 katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, Mountain View, California, akiwa jukwaani pamoja na Steve Wozniak. Alifariki tarehe 8 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 83.

Urithi

Makadirio ya idadi ya Commodore 64 zilizouzwa hutofautiana, mengi yakiwa kati ya milioni 12 na milioni 17. Ilitengenezwa kuanzia 1982 hadi kampuni ilipofilisika 1994. Kwa kuwa kompyuta hiyo ilipowashwa ilifungua moja kwa moja lugha ya BASIC, watoto wengi walioinunuliwa kwa ajili ya michezo walijikuta wakijifunza kuandika programu. Wahandisi na watunzi wengi wa michezo ya kompyuta wa Ulaya na Amerika Kaskazini walianzia hapo.

Katika historia ya biashara Tramiel hutajwa mara chache kuliko Steve Jobs au Bill Gates. Sababu moja ni kwamba kampuni zote mbili alizoziongoza zilitoweka. Kushuka kwa bei kulimpa wanunuzi wengi, lakini hakukumwachia wauzaji waaminifu wala faida ya kutosha ya kubuni mashine za kizazi kilichofuata. Hata hivyo, wazo kwamba kompyuta ni chombo cha nyumbani kinachopaswa kununuliwa na familia ya kipato cha kawaida lilithibitishwa sokoni kwa kiasi kikubwa na mashine zake, wakati makampuni mengi makubwa yalikuwa bado yakiiona kompyuta kuwa kifaa cha ofisi.